Kabla hujajaribu kufanya sumaku ielee hewani: niliyojifunza kwa kuangusha

Wageni wengi wa kazi hii huanza pale nilipoanzia mimi: unapanga sumaku za kudumu kwa duara, unaweka nyingine juu, unasubiri ielee. Nilimaliza likizo nzima hivyo. Mwanahisabati Mwingereza Samuel Earnshaw alishathibitisha mwaka 1842 kwamba sumaku tuli haziwezi kuishikilia nyingine hewani ikatulia pande zote. Ukiizuia isianguke, itachomoka ubavuni au itapinduka na kunasa. Basi acha kutafuta mpangilio bora. Zungusha kitu.

Anza na pia, kile kichezeo kinachosimama kwa kuzunguka. Pia ya sumaku inayoelea ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1983, kwa jina la Roy Harrigan, na wengi wanaijua kwa kichezeo cha Levitron. Ikishuka chini ya mizunguko kama 1,000 kwa dakika inapinduka, lakini ikizidi kasi nayo haikai, kwa sababu mhimili wake unakuwa mkaidi, haufuati tena mwelekeo wa uga, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka. Sawazisha kitako, ile sumaku ya chini, kwa pimamaji, kisha ongeza au punguza washa ndogo, vile vipete vya kuongezea pia uzito, moja moja. Na usishangae iliyoelea asubuhi ikakataa mchana: sumaku za feraiti, zile nyeusi za kauri, hupungua nguvu kwa takriban 0.2% kwa kila nyuzi moja ya joto. Karakana yangu ina paa la bati, kwa hiyo nilipimisha uzito upya mara nyingi kabla sijashuku jua.

Ukishaielewa pia, nenda kwenye jambo lililonivutia zaidi, lile la mhandisi Hamdi Ucar wa Uturuki, lililotangazwa mwaka 2021. Sumaku moja inazungushwa na mota kwa mizunguko kama 10,000 kwa dakika, ncha zake zikiwa ubavuni. Nyingine inaachwa huru karibu yake, nayo inakaa hewani, hata chini ya mota! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark waliipima, wakachapisha maelezo mwaka 2023: sumaku huru inazunguka kwa mwendo uleule, lakini ncha zinazofanana, ambazo kwa kawaida husukumana, ndizo zinazoelekeana.

Hapo nilikwama wiki kadhaa. Kilichonifungua ni funguo. Zining'inize kwenye uzi, utikise mkono polepole: zinafuata mkono. Tikisa haraka: mkono ukienda kulia, zenyewe zinaenda kushoto. Sumaku huru hufanya vivyo hivyo, inachelewa mpaka inakuwa kinyume, ndipo inasukumwa. Kinachoivuta ni sumaku ya mota kuinama kidogo tu kwenye ekseli. Msukumo hupungua haraka kuliko mvuto kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo karibu inasukumwa, mbali inavutwa, na katikati inatulia. Mwinamo huo usiuondoe kwa kudhani ni kasoro ya ufungaji. Mimi niliuondoa, tena kwa fahari.

Kufunga sumaku kwenye mota, gundi peke yake haitoshi. Sumaku yangu ya kwanza ya neodimiamu, aina yenye nguvu sana, ilichomoka ikapasukia ukutani, vipande vikaruka hadi mlangoni. Iingize kwenye kishikizo kinachoizunguka, weka kinga ya plastiki nene, vaa miwani, na simama nje ya mstari wa mzunguko kila unapopandisha spidi. Mota ikianza kutetemeka, zima kwanza ndipo uangalie.