Jibu: Barabara ya kulipia ya mwekezaji, sisi wa Dodoma tunanufaika?
Mkuu, umeuliza kama barabara ya kulipia Kibaha–Chalinze–Morogoro ikiendeshwa na mwekezaji, sisi wa Dodoma tunapata nini. Muda tutaokoa, hilo sibishi. Kutoka hapa unatembea vizuri tu, ukiacha malori yanayojikongoja Gairo. Balaa linaanzia Chalinze magari ya Tanga na Moshi yakiingia, na ukikaribia Kibaha ni mwendo wa kunyata nyuma ya semi.

Ila mimi siogopi tozo, naogopa mkataba. Tozo zinashushika: za Daraja la Kigamboni zilipunguzwa 2022. Sasa angalia California, Marekani. Kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati ya barabara ya 91 mwaka 1995, na mkataba ukaizuia serikali kupanua zile za bure pembeni. Foleni ndiyo mtaji wao, wataitakaje iishe? Watu wakachachamaa, na 2003 mamlaka ya usafiri ya Orange County ikazinunua kwa dola milioni 207.5.

Kwa hiyo mbunge wako akiitisha mkutano, muulize kwanza: barabara ya zamani itaruhusiwa kupanuliwa? Bei mtaongea baadaye.