Tangazo litauza mfuko wa kwanza tu

Dada, umeuliza uongeze hela ya matangazo au la, maana mchele wako ulioubandika jina la Kyela, kule kunakosifika kwa mchele wa kunukia, wateja wanalalamika una chenga na haunukii, na we unataka umlipe kijana wa Instagramu aupaishe. Mi nasema usimlipe kwanza. Tangazo kali linamleta mtu mara ya kwanza, sawa, ila mchele haununuliwi mara moja, mama ntilie wa Mwanjelwa hapa Mbeya anapika kila siku, leo wali ukimtokea bokoboko kesho yuko kwa jirani yako na ameshawaambia wenzie wote, sasa ukizidisha matangazo si unaita watu wengi zaidi waje waone mzigo mbovu?

Labda ungekuwa unauzia abiria wa stendi ya Nanenane wanaopita tu kwenda Dar, hapo ujanja unaweza kwenda mbali kidogo, japo nao wana simu. Hata wakubwa yamewakuta, Ford walilitangaza gari la Edsel kwa kelele kibao 1957, watu wakaja kulichungulia, wanunuzi wakawa wachache, 1959 wakaacha kulitengeneza. Na wale wana hela ya kupoteza!

Hiyo hela peleka mashineni, tafuta mashine inayochambua chenga vizuri, chenga uziuze kando kwa bei yake, wapika vitumbua watazichukua. Halafu kama mpunga ni wa Mbarali andika Mbarali, una wateja wake kabisa.