Andika mkojo kila saa, kisha useme

Wiki iliyopita mzee mmoja mchuma karafuu kutoka Pemba ametoka wodi ya mahututi kwa miguu yake, na figo zake zinafanya kazi. Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa muuguzi wa Wete: "Shikamoo dada. Nataka kuhamia mahututi, nianze kusoma nini?"

Marahaba mdogo wangu. Anza na mkojo.

Najua unaitamani mashine ya kupumulia. Sote tuliokuja huku tulikuja kwa ajili ya mashine, na mimi niliijua yangu mpaka vitufe vyake gizani. Haikunisaidia usiku ule.

Ni miaka 9 sasa. Mama mmoja, siku ya nne tangu ajifungue, maambukizi ya kizazi yameshaingia kwenye damu. Kilo 50. Saa nne usiku alitoa mililita 20, saa tano 15, saa sita 10, rangi ya chai kavu. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Saa saba nikampigia daktari. Akauliza kreatinini, ile taka ya damuni ambayo figo huichuja, nikamwambia ya jioni haikuwa mbaya. "Basi mwache apumzike." Nikajibu, "Sawa, Dokta."

Hiyo "sawa" ndiyo inayoniuma mpaka leo. Asubuhi kreatinini ilikuwa imepanda mara mbili. Siku ya tatu tukampoteza. Kwenye kikao wakauliza nesi wa usiku alikuwa wapi. Nilikuwepo! Karatasi yangu ilikuwa pale mezani na hakuna aliyeifunua.

Mwongozo wa mwaka 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la wataalamu wa figo, uko wazi: mkojo ukiwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa saa 6, figo zimeumia, hata kama kreatinini bado nzuri. Kwa yule mama ni mililita 25 kwa saa. Kreatinini huchelewa, kwa sababu hujikusanya polepole, na dripu tunazomwaga huizimua. Tena usingoje presha ianguke ndipo uogope. Katika maambukizi makali damu inaweza kupita tele kwenye figo na bado zisichuje, maana mishipa midogo ya ndani imeshavurugwa.

Sasa huyu mzee. Tawi la mkarafuu lilimchana ugokoni, jeraha likaoza, naye siku tano anameza diklofenaki za dukani, dawa inayopunguza damu ya figo wakati zinapoihitaji zaidi. Alifika kwetu presha iko chini. Antibaiotiki ikaingia ndani ya saa ya kwanza. Kilo 60, kwa mililita 30 kila kilo ni lita 1.8 za dripu ya ringa ndani ya saa 3, kisha noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, mpaka presha ya wastani ikafika 65.

Saa moja baadaye mkojo mililita 12. Nikaufuata mpira kwa vidole kuanzia kitandani mpaka kwenye mfuko, haukujikunja popote. Nikamwita daktari wa zamu, kijana. "Tungoje maabara." Nikamwambia, "Dokta, naomba uje uone mwenyewe." Akaja. Akafuta jentamisini, antibaiotiki inayoweza kuumiza figo, iliyokuwa imeandikwa, na presha ilipotulia hatukuendelea kumjaza maji, yasije yakamwelemea mapafuni. Kuna aliyetaka frusemaidi. Ile huongeza mkojo, figo haiziponyi.

Siku ya tatu, alfajiri, mililita 40, njano. Nimelia mbele ya mfuko wa mkojo, wallahi.

Wauguzi wenzangu, tumelelewa kuheshimu wakubwa, na ni vyema. Lakini mgonjwa aliyelala na mipira mdomoni hana wa kumsemea ila wewe. Pima kila saa. Andika kila saa. Mkojo ukipungua saa mbili mfululizo, piga simu, na ukiambiwa ngoja, piga tena. Mkasirishe mtu. Hasira ya daktari huisha zamu ikiisha.

Wewe wa Wete, barua ya uhamisho iandike wiki hii. Ila usiku wa leo, hapohapo wodini kwako, mchague mgonjwa mmoja mwenye homa kali na mpira wa mkojo, umpime kila saa mpaka asubuhi, kisha uniandikie namba zake bila jina.