Joto ni lile lile, bahari siyo

Swali lenu la wiki linauliza: "Ukipewa nafasi ya kusoma ughaibuni, utachagua mji wa baridi au wa joto?" Najua wengi watajibu joto, kwa kuwa baridi ndiyo tunayoisikia ikiwavunja moyo wanafunzi wetu. Mimi nimesoma uuguzi miaka mitatu Darwin, kaskazini ya Australia, na ninayetaka kumjibu ni yule anayedhani mji unaofanana na kwao utampunguzia ugeni.

Kufanana unafanana. Mimi ni mtu wa Mikindani, Mtwara, kusini ya Tanzania. Mikindani iko nyuzi 10 kusini ya ikweta, Darwin nyuzi 12. Mvua yao ni ya msimu mmoja kama yetu kusini, hushika Novemba ikaisha Aprili, kisha huja kiangazi na upepo wa kusini-mashariki ambao mimi niliuita kusi tangu siku ya kwanza. Oktoba maembe yanaiva, joto linapanda na mvua hainyeshi, watu wanagombana ovyo. Wenyeji wanaita hali hiyo wazimu wa maembe. Hata kampasi yetu ya chuo, Casuarina, imebeba jina la mvinje, na ufukweni mivinje yenyewe inavuma vilevile. Usiku niliofika, joto lilinipokea mlangoni mwa uwanja wa ndege, nikampigia bibi yangu nikamwambia: huku ni kwetu.

Sikujua nasema nini. Aliyekwenda Melbourne kwenye baridi, akivaa koti asubuhi anajua yuko ugenini, anaendelea na safari yake. Darwin mwili unasahau. Harufu ya mvua ya kwanza inapanda kutoka ardhini, unageuka umwambie mtu, na huyo mtu yuko Mikindani.

Oktoba ya mwaka wa pili bibi alifariki. Ndiye aliyenilea, na mpaka mwisho aliniita "mume wangu". Ujumbe ulinifikia asubuhi natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, kwetu maiti hacheleweshwi: wangemzika baada ya adhuhuri. Darwin iko mbele kwa saa sita na nusu, hivyo adhuhuri ya Mikindani huangukia wakati wa magharibi kule.

Magharibi hiyo nikashuka Nightcliff, kwenye gati la wavuvi. Nilitaka kuingia baharini tu, kama nilivyofanya tangu utoto kila jambo liliponizidi. Maji yalikuwa vuguvugu. Nikavua viatu, nikapita miambani, yakanifika magotini. Nikasikia mzee anapiga kelele nyuma yangu: "Toka! Toka majini!" Sauti yake haikuwa ya hasira, alikuwa ameogopa. Kule mamba wa maji chumvi wamelindwa na sheria tangu 1971, wameongezeka sana, na hupita ufukweni kama wanavyopita mtoni. Tena kuanzia Oktoba hadi Mei kuna yavuyavu ambaye sumu yake inaweza kuua mtu kwa dakika chache. Haya yote nilifundishwa wiki ya kwanza chuoni. Jioni ile sikukumbuka hata moja.

Nikatoka, nikaketi gatini karibu naye. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anavua kwa mshipi, na mimi nahesabu saa: sasa wanamswalia, sasa wamebeba jeneza. Mshipi ukavutika, akapandisha kolekole wa kama kilo mbili, akamtoa ndoana na kumwinua amrudishe majini. Nikamshika mkono. "Mzee, tafadhali, usimtupe." Akanitazama kwa mshangao, maana kule wengi hawamhesabu kolekole kuwa kitoweo, wanamtaka samaki wa kwao aitwaye barramundi. Nikamweleza, na maneno yalinitoka vipande vipande, kwamba bibi yangu anazikwa saa hii hii, kwamba samaki huyu ndiye aliyekuwa akinipikia kwa nazi, kwamba kwetu kolekole akishapanda hashuki tena. Akanyamaza kitambo. Akamtia kwenye mfuko, akanipa, kisha akaniuliza bibi alikuwa akiitwa nani. Nikamtajia. Akalirudia lile jina mara tatu, mpaka ulimi wake ukalizoea.

Usiku nikampika kwa tui la kopo. Nilikuwa naishi na vijana watatu wa Nepal, watoto wa milimani, bahari wameiona ukubwani. Tukala sinia moja kwa mikono, hakuna aliyegusa simu. Hiyo ndiyo hitima niliyoweza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: chagueni baridi, angalau haidanganyi. Nimefika hapa na siwezi kulisema hilo. Kwenye theluji nisingempata kolekole wa bibi.

Na kuna hili. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu za shaba za Kilwa katika Visiwa vya Wessel, pwani ya jimbo hilo hilo la Darwin. Zilifikaje, wataalamu wanabishana hadi leo. Nilimsimulia yule mzee, maana tuliendelea kuonana gatini, akasema, "Basi mlitutangulia kuja huku."

Mdogo wangu ameshapata barua ya chuo, na nitamwambia aende Darwin. Lakini ahesabu fedha kwanza. Ada ya viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia, Julai 2024 ikapanda hadi 1,600, mwaka uliofuata 2,000, na ukinyimwa viza hairudi. Wakala akimwambia atajilipia chuo kwa vibarua, asimsikilize: wakati wa masomo sheria inaruhusu saa 48 za kazi kwa wiki mbili, na hizo ni za kodi ya chumba na chakula. Majini asiingie hata kwa kunawa miguu. Akizidiwa, achukue mshipi ashuke Nightcliff jioni, na akimkuta yule mzee amtajie jina la bibi.