Mwashi mzoefu asiye na cheti: aanzie gredi gani?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mwashi, mtaa wa Langoni, Lamu. Kazi nilifundishwa na ami yangu, na nyumba za mawe na chokaa nimezijenga na kuzikarabati tangu ujana. Sasa kuna kontrakta kule Mokowe asema bila cheti atanilipa kibarua. Je, ni lazima niingie chuo? Na kwa uzoefu nilio nao, siwezi kufanya gredi ya I moja kwa moja?

JIBU: Wa alaykum salaam, fundi. Chuo si lazima. Mitihani ya ufundi ya serikali husimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na aliyejifunzia kazini huruhusiwa kuifanya. Gredi huanzia III, ukapanda II, kisha I. Anzia III. Najua si raha mtu mzima kupanga foleni na vijana waliomaliza shule juzi, lakini ukiwa nayo utaweza kudai ujira wa fundi.

Iko pia njia ya kutambuliwa ujuzi ulionao tayari, maarufu kama RPL, iliyo chini ya KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma. Huko hutakiwa ushahidi wa kazi: picha, barua za wenye nyumba, kisha mahojiano na kuonyesha kazi kwa vitendo. Anza kukusanya picha hizo sasa, hata ukitangulia na mtihani.

Mkono wako sina wasiwasi nao. Nionavyo mimi, fundi wa chokaa huangushwa na mambo mawili.

La kwanza ni ramani. Katika nyumba za kale za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, kwa hiyo hukuhitaji karatasi ikwambie. Mtihani ni karatasi, tena kwa milimita. Kipimo cha 1:50 maana yake milimita 20 kwenye ramani ni mita moja chini. Ukuta uliochorwa milimita 64 ni wa mita 3.2. Kwa tofali la milimita 390 na mota ya milimita 10 kati ya tofali na tofali, hapo ni matofali manane kwa kila mstari. Ipime nyumba yako kwa tepu, ichore kwa 1:50, kisha mpe kijana aliyesoma ufundi aikosoe. Rudia mpaka uache kugeuza kila kipimo kuwa futi kichwani. Kona nayo ihakikishe kwa milimita 600, 800 na 1000: ukipima 600 upande mmoja na 800 upande wa pili, mshazari ukitoka 1000 kamili, kona ni mraba. Jicho lako huenda likawa sahihi, lakini msahihishaji ataweka tepu, pima maji na timazi.

La pili ni saruji yenyewe. Chokaa ina subira. Huivundika, ukaikanda kesho na ikawa bora zaidi. Saruji haingoji. Ukichanganya rundo kubwa asubuhi, ukaja kulifufua kwa maji adhuhuri, umeliua, hata kama linaonekana laini kwenye mwiko. Changanya kidogo kidogo, saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na utumie ndani ya saa mbili hivi. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi. Ukuta ukishajengwa umwagilie maji siku kadhaa.

Ila ukipata cheti, tafadhali usiirudishe saruji hiyo Mji Mkongwe wa Lamu. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji hufungiwa unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda lipu hubanduka vipande vipande. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na wajuzi wa chokaa watahitajika daima.

Kujisajili, nenda na kitambulisho chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nawe, uulize kama wao huwasajili watahiniwa wa NITA na mtihani ujao ni lini. Wasipokuwa nao, kituo cha NITA cha Pwani kiko Mombasa. Ada uliza hukohuko, na uulize pia ni zana zipi mtahiniwa huja nazo, maana mwiko wa kuazima siku ya mtihani ni taabu.