Pampu Iliyochelewa na Jedwali Nililolipuuza

Mradi wa kwanza niliousimamia ulikuwa wa kisima kirefu kijijini, na niliuendesha nikiamini kwamba kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kudhibiti, kisha kufunga, ni ngazi zinazopandwa moja baada ya nyingine. Manunuzi niliyaacha hadi utekelezaji. Kisima kilipokwisha kuchimbwa ndipo nilipoanza kutafuta ankara kifani ya pampu, yaani hati ya muuzaji inayotaja bei kabla ya kununua. Pampu ikaagizwa nje, ikafika masika yameshaanza, na lori likakwama kwenye tope huku mafundi wakilipwa posho ya kukaa chini ya mwembe.

Kikaoni alilaumiwa afisa manunuzi, lakini kosa lilikuwa langu. Katika mwongozo wa Project Management Institute, taasisi ya kimataifa ya wasimamizi wa miradi, toleo la 6 la mwaka 2017, michakato 49 imepangwa kwenye jedwali lenye makundi 5 juu, yaani zile nilizozidhani ngazi, na maeneo 10 ya maarifa ubavuni, kama manunuzi, ratiba na gharama, na kila mchakato unakaa pale kundi na eneo vinapokutana. Manunuzi yana michakato 3, na wa kwanza umo kwenye kupanga, pamoja na mingine 23. Eneo pekee linalopita katika makundi yote 5 ni uunganishaji, yaani kuoanisha sehemu zote za mradi, nayo ndiyo kazi ya meneja mwenyewe. Ratiba, gharama au ubora anaweza kumkabidhi mwenzake.

Toleo la 7 la mwaka 2021 liliweka kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji mahali pa jedwali hilo, ila mimi bado nalichora kwa penseli kabla ya kikao cha kwanza. Nakushauri ulisome kwa kushuka kwenye safu ya kupanga, eneo kwa eneo. Najua pampu haichaguliwi kabla ya kupima wingi wa maji, lakini hilo halikuzuii kujua mapema nani ataombwa bei, mzigo utasafiri siku ngapi, na barabara hupitika miezi gani. Hapo manunuzi, ratiba na vihatarishi vimekwisha kukaa meza moja.

Hata mradi ukiwa katikati, jedwali hunisaidia. Kamati ya maji iliwahi kuniomba nisogeze kituo cha kuchotea mita 200 kuelekea shuleni. Nilitamani kukubali papo hapo, lakini nikaomba siku mbili nilipitishe ombi hilo kwenye jedwali, eneo kwa eneo: bomba liliongezeka, mtaro ukapita kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba hakuwamo kwenye orodha yangu ya wadau.