Ramani ya Fade: Jiji Jeusi liwekwe wapi?

Ndugu, umeuliza kama ile Fade ya Dragon Age (mfululizo wa michezo ya video), ulimwengu wa roho na ndoto, inaweza kuchorwa ramani yenye vipimo. Kwa maoni yangu haiwezekani, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Anza na Jiji Jeusi lenyewe, lile jiji linaloonekana kwa mbali ndani ya Fade. Popote utakaposimama ndani ya Fade unaliona, na hata utembee vipi halisogei karibu. Kwa hiyo halikupi kaskazini wala kusini. Ukilitia kwenye ramani, itabidi uliweke kila upande kwa wakati mmoja!

Ardhi nayo haitulii. Roho na mapepo hujijengea himaya kwa kuiga kumbukumbu na hofu za wanaoota, na mwenye himaya akishindwa, himaya yake huyumba. Katika mchezo wa kwanza, wa 2009, pepo wa uvivu amegawa eneo lake visiwa-visiwa, nawe unapita kwa kurushwa kutoka kimoja hadi kingine, si kwa barabara.

Kitu kimoja tu unaweza kukichora kwa uhakika: Pazia, yaani mpaka unaotenganisha Fade na ulimwengu wa kawaida. Mahali palipomwagika damu nyingi Pazia huwa jembamba. Solas, mhusika mchawi katika mchezo wa 2014, anasimulia alivyolala Ostagar, mahali palipopiganwa vita vikubwa, akaona vita vilevile kwa sura zinazopingana, kila moja kama roho zilivyoipokea kwa walioishi tukio.

Ningekuwa wewe, ningechora ramani ya kawaida ya Thedas, bara la michezo hiyo, kisha nipake rangi nzito kila mahali Pazia lilipochakaa.